Sigi: Stesheni ya magogo iliyogeuka lango la msitu

MSAFIRI anayetoka mjini Muheza kuelekea Amani, mkoani Tanga, hufika mahali ambapo bonde la Mto Zigi hubanwa na milima na msitu huanza. Hapo, katika eneo linaloitwa Sigi, ipo stesheni ya reli isiyo na reli.

Hakuna mataruma, hakuna behewa, wala hakuna mtu anayekata tiketi za safari. Kilichobaki ni nyumba aliyokuwa akiishi msimamizi wa stesheni wakati wa utawala wa Wajerumani. Nyumba hiyo ilikarabatiwa, na leo ndiyo kituo cha habari kwa wageni wanaoingia katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani.

Kwa mkazi wa mjini anayetafuta mahali pa kutembelea mwishoni mwa juma, hilo pekee lingetosha kuwa sababu ya safari. Lakini historia ya nyumba hii ina uzito kuliko ukubwa wake. Ilijengwa ili miti ya Usambara Mashariki itoke msituni. Sasa inatumika ili miti hiyo hiyo ibaki ilipo.

Ili kuelewa mageuzi hayo, hatuna budi kuanzia pwani, Tanga mjini, zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Reli ya kwanza nchini

Mwaka 1891 iliundwa nchini Ujerumani kampuni ya kujenga reli katika koloni la Afrika Mashariki. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, miaka mitatu kabla ya Waingereza kuanza kutandika reli yao kutoka Mombasa kwenda Uganda. Njia hiyo iliyoitwa Reli ya Usambara ndiyo reli ya kwanza katika nchi inayoitwa leo Tanzania Bara.

Sababu ya kuanzia Tanga haikuwa fumbo. Nyuma ya mji huo kuna milima yenye mvua nyingi, hewa ya baridi na udongo ambao walowezi waliamini ungewapa kahawa nyingi. Kati ya milima na bandari hapakuwa na usafiri mwingine wa mizigo ila mabega ya wapagazi.

Mpagazi mmoja hubeba kiasi cha kilo 25 hadi 30. Kwa mali kama pembe za ndovu, ambazo kilo moja ina thamani kubwa, gharama hiyo ilivumilika. Kwa gunia la kahawa, mzigo wa mkonge au gogo la mvule, haikuwezekana kabisa. Bila reli, mali ya mlimani isingefika sokoni.

Hata hivyo, kazi ilikwenda kwa kusuasua. Kampuni iliishiwa fedha, na hadi mwaka 1896 ilikuwa imefika Muheza tu, umbali wa kilomita 40 kutoka Tanga. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ililazimika kuichukua njia hiyo.

Kuanzia hapo reli ilisonga mbele kwa vipande. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Buiko mwaka 1909. Mwaka 1912 njia yote hadi Moshi ilifunguliwa rasmi, ikiwa na urefu wa kilomita 352.

Wakati huo zao lililotarajiwa, kahawa, lilikuwa limewavunja moyo walowezi wengi wa Usambara. Aliyeiokoa reli ni mkonge. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yalizaliwa mashamba yaliyoufanya mkoa wa Tanga ujulikane duniani.

Tawi la kwenda Sigi

Reli kuu ilipita chini ya milima, ikifuata ardhi tambarare. Misitu yenyewe ilikuwa juu, na kila kampuni iliyotaka mbao ilipaswa kutafuta namna ya kuzishusha.

Huko Usambara Magharibi, kampuni moja ya mbao ilijenga njia ya kamba za chuma iliyoteremsha magogo hewani kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara. Usambara Mashariki ilipata tawi la reli. Liliachana na njia kuu Tengeni, karibu na Muheza, likapanda bonde hadi Sigi, umbali wa takriban kilomita 23. Lilijengwa katika muongo wa kwanza wa karne ya 20.

Upana wa njia hiyo ulikuwa mdogo kuliko wa reli kuu. Reli kuu ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Ile ya Sigi ilikuwa na sentimita 75. Tofauti hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa wahandisi. Njia nyembamba huweza kupinda kwa ukali zaidi, huhitaji kuchimba mlima kidogo, na gharama zake ni ndogo. Upande wake mbaya ni kwamba behewa halikuweza kutoka Sigi moja kwa moja hadi bandarini. Mzigo ulipaswa kuhamishwa Tengeni.

Jina la mahali lenyewe lina historia yake. Mto unaitwa Zigi. Wajerumani waliandika Sigi, kwa kuwa katika lugha yao herufi S mwanzoni mwa neno hutamkwa kama Z yetu. Maandishi hayo yakabaki kwenye ramani, na hadi leo majina yote mawili yanatumika.

Stesheni ya Sigi ndiyo iliyokuwa mwisho wa reli. Aliyetaka kufika Amani, juu zaidi mlimani, alipaswa kuendelea kwa njia nyingine. Na waliotaka kufika Amani walikuwa wengi, kwa sababu mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilianzisha huko taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia.

Taasisi hiyo ilikusanya mimea kutoka pembe nyingi za dunia, ikaipanda na kuijaribu: kwinini, mpira, kahawa, viungo na miti ya mbao. Bustani yake ya mimea ilihesabiwa miongoni mwa kubwa barani Afrika, na sehemu yake ipo hadi leo. Kwa hiyo reli ndogo ya Sigi ilikuwa na kazi mbili zinazopingana. Ilishusha magogo, na ilikuwa mkono wa kituo kilichosoma msitu huo huo uliokuwa ukikatwa.

Nani aliijenga

Katika picha za zamani za reli hizi, wahandisi wa Kizungu husimama mbele wakiwa na kofia zao. Waliochimba, waliobeba mawe na waliotandika mataruma husimama nyuma, bila majina.

Walitoka mbali na karibu. Wanyamwezi kwa maelfu walishuka kutoka bara kuja kufanya kazi katika mashamba na miradi ya pwani ya kaskazini. Wenyeji nao, Wasambaa, Wabondei na wengine, walisukumwa na kodi ambayo ilidai fedha taslimu, kisha wakasukumwa na amri.

Mwaka 1907, katika Wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, ulianza utaratibu wa kadi. Kila mwanamume mwenye nguvu alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa mwajiri wa Kizungu, kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza siku zake alilazimishwa kufanya kazi za umma kwa malipo madogo zaidi.

Ni vizuri mgeni wa Sigi kulikumbuka hilo anapoitazama nyumba iliyorudishiwa sura yake. Jengo la kikoloni hutunzwa ili lieleze habari zote za wakati wake, za anayeishi barazani na za anayebeba gogo.

Vita na kuzimika kwa reli ndogo

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Reli ya Usambara ilionyesha nguvu yake kwa namna ambayo haikukusudiwa na wafanyabiashara. Mwanzoni mwa Novemba 1914 majeshi ya Uingereza, yaliyotoka India, yalishuka Tanga yakitegemea ushindi wa haraka. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwaleta askari wake kutoka upande wa Moshi kwa garimoshi. Waingereza, ingawa walikuwa wengi kwa mbali, walishindwa na kurudi melini.

Amani nayo iligeuka kiwanda cha vita. Kwa kuwa meli za Ujerumani hazikuweza kufika tena, taasisi hiyo ilitengeneza bidhaa zilizokosekana, ikiwemo dawa ya kwinini kutokana na miti iliyokuwa imeipanda yenyewe. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka ukanda wote wa Tanga.

Chini ya Waingereza utafiti uliendelea Amani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga nchini Kenya, na Amani ikawa kituo cha utafiti wa malaria. Kazi hiyo ilirithiwa na taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, ambayo kituo chake cha Amani sasa kina makao yake Muheza.

Reli ya Sigi haikupata urithi wa namna hiyo. Reli iling'olewa, barabara ikachukua nafasi yake, na nyumba ya msimamizi ikabaki peke yake kando ya mto. Majengo mengi ya aina hiyo humalizwa na mambo matatu: mchwa, mvua na kukosa mwenyewe.

Msumeno wa pili

Kuondoka kwa reli hakukumaanisha kuondoka kwa msumeno. Katika miaka ya 1970 na 1980 magogo ya Usambara Mashariki yalivunwa tena, safari hii kwa malori, kulisha kiwanda cha mbao cha Sikh Saw Mills kilichokuwa cha shirika la umma. Ufini ndiyo iliyotoa msaada wa kuimarisha sekta hiyo.

Wanasayansi wa ndani na nje walipaza sauti. Milima ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale ambayo misitu yake imekaa peke yake kwa muda mrefu sana kiasi cha kuzaa viumbe visivyopatikana kwingine. Mfano unaojulikana kuliko yote ni ua la Saintpaulia. Afisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1890. Leo ua hilo huuzwa katika vyungu duniani kote, wakati asili yake ni miamba yenye kivuli ya milima hii.

Uvunaji huo ulisitishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Kisha likatokea jambo la nadra katika historia ya misaada. Nchi ile ile iliyogharamia msumeno ikageuka kugharamia uhifadhi. Kuanzia mwaka 1991 Ufini ilishirikiana na Serikali ya Tanzania katika mradi wa kulinda misitu ya Usambara Mashariki, ukiwa na makao yake Tanga.

Mwaka 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, yenye ukubwa wa hekta 8,380. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini, na nyingine zilizofuata zilijifunza kutoka kwake. Mwaka 2000 UNESCO iliitambua Usambara Mashariki kuwa miongoni mwa hifadhi hai za dunia.

Hifadhi mpya ilihitaji lango. Wageni walipaswa kupokewa mahali fulani, kulipa ada, kupata mwongoza wageni na kuelezwa wanachokwenda kuona. Badala ya kujenga banda jipya, nyumba ya zamani ya stesheni ikakarabatiwa. Hivyo ndivyo ilivyopona: ilipata kazi.

Mgeni anaona nini

Safari ya kutoka Tanga hadi Muheza ni ya barabara ya lami, na mabasi na daladala hayakosi. Kutoka Muheza kwenda Amani barabara ni ya vumbi kwa sehemu kubwa, na wakati wa masika huwa na utelezi. Sigi ipo zaidi ya kilomita 20 kutoka Muheza, chini ya mlima. Amani yenyewe ipo juu, kiasi cha mita 900 kutoka usawa wa bahari.

Miezi inayofaa zaidi ni ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, na kipindi kifupi cha Januari na Februari. Hata hivyo, mgeni asisahau koti la mvua. Msitu huu unaishi kwa mvua za karibu mwaka mzima, na ndiyo maana upo.

Ndani ya nyumba ya stesheni kuna maelezo ya historia ya eneo, wanyama na mimea ya msitu, pamoja na matumizi ya mimea hiyo kwa dawa za asili. Ni mahali pa kukaa kwanza kabla ya kuingia msituni, maana asiyejua jina la mti huuona kama mti tu.

Kutoka hapo zinaanza njia za miguu. Zipo za saa chache na zipo za siku nzima. Mgeni hupita chini ya miti mirefu, huvuka vijito, na akitembea na mwongozaji mwenyeji huonyeshwa mimea ambayo bibi wa kijijini huijua kuliko kitabu. Wapenda ndege hufika kutoka mbali kwa ajili ya ndege wadogo wasiopatikana nje ya milima hii.

Anayependa reli naye ana lake. Akisimama Sigi na kulitazama bonde, ataelewa kwa nini mhandisi alichagua njia nyembamba na kwa nini reli iliishia hapo. Mlima unaoanza nyuma ya nyumba unajieleza wenyewe.

Maji ya Tanga yanaanzia hapa

Mkazi wa Tanga mjini anaweza kuuliza nyumba hiyo inamhusu nini yeye asiyepanda milima. Jibu lipo katika bomba lake la maji.

Mto Zigi, unaopita katika bonde la Sigi, ndio unaojaza bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978. Bwawa hilo ndilo chanzo kikuu cha maji ya Jiji la Tanga. Msitu unapokuwa mzima, mvua hunywewa na udongo na kutolewa polepole hadi kiangazi. Msitu ukikatwa, mvua hiyo hiyo hushuka kwa siku chache ikiwa na tope, na baada yake mto hukauka.

Jambo hilo lilionekana wazi mwishoni mwa mwaka 2003 na mwaka 2004, wachimbaji wa dhahabu walipovamia maeneo ya Usambara Mashariki kwa maelfu. Walifukua kingo za vijito, na tope likashuka mtoni. Serikali iliwaondoa, lakini tukio hilo liliwakumbusha watu wa mjini kwamba kisima chao kipo mlimani.

Februari 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ilizindua hatifungani ya kijani ya Sh53.12 bilioni kwa ajili ya kupanua huduma ya maji na kuhifadhi mazingira. Wawekezaji wakainunua, na ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa maneno mengine, miti ambayo zamani ilikuwa na thamani ikiwa imelala juu ya behewa, leo ina thamani ikiwa imesimama.

Majirani wa msitu

Mabadiliko hayo hayakuwa bure kwa kila mtu, na makala inayosifu hifadhi bila kuwataja majirani zake ingekuwa pungufu.

Vijiji vingi vinaizunguka Amani. Watu wake wamelima iliki, migomba na viungo chini ya miti kwa vizazi kadhaa. Katikati ya miaka ya 2000, ushoroba wa Derema, unaouunganisha msitu wa Amani na misitu ya kaskazini yake, uliingizwa katika uhifadhi. Wakulima zaidi ya elfu moja waliokuwa na iliki humo walipoteza mashamba yao na kulipwa fidia. Kwa mwenye iliki, fidia ni ya mara moja. Shamba lilikuwa la kila msimu.

Ndiyo maana uhifadhi unaodumu ni ule unaoingiza chakula nyumbani kwa jirani. Mwaka 2001 ulianzishwa mradi wa vipepeo wa Amani, ambapo wanavijiji hufuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyojifunga kwa bustani za maonyesho za Ulaya na Marekani. Ni kazi inayohitaji msitu uliosimama, kwa sababu chakula cha viwavi na wazazi wa vipepeo hutoka humo.

Mwezi Machi 2016, Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, vipepeo navyo vilihesabiwa. Zuio lililolenga kukomesha utoroshaji wa wanyama wakubwa likawakumba wafugaji wa wadudu. Somo lake ni kwamba kipato kinachotegemea soko moja la mbali huweza kukatika kwa siku moja. Utalii wa ndani, yaani mgeni anayetoka Tanga, Moshi au Dar es Salaam na kumlipa mwongozaji wa kijijini, ni mguu wa pili ambao vijiji hivyo vinauhitaji.

Stesheni nyingine zina nani?

Sigi ina kitu cha kuzifundisha stesheni nyingine zilizo kwenye njia kuu.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika mwaka 1977, reli ya kaskazini ilidhoofika mwaka hadi mwaka, hadi treni za abiria zikaacha kwenda. Stesheni zilizokuwa moyo wa miji midogo zikabaki na saa zilizosimama. Njia ilipofufuliwa, treni ya mizigo kati ya Tanga na Moshi ilirejea mwaka 2019. Desemba mwaka huo treni ya abiria ilitoka Dar es Salaam hadi Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha.

Treni hiyo ya abiria, hata hivyo, haipiti Muheza wala Tanga. Hutumia njia ya kuunganisha ya Ruvu hadi Mnyusi, iliyojengwa mwaka 1963, na kuingia reli ya zamani karibu na Korogwe. Kwa hiyo Korogwe na Mombo zilipata tena sauti ya honi na abiria wenye vikapu, wakati kipande cha kwanza kabisa cha reli nchini, kile cha Tanga hadi Muheza, kiliachiwa mizigo.

Wengi hudhani kwamba jengo la zamani kiasi hicho linalindwa na sheria. Ukweli ni kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyapa ulinzi wa moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Stesheni zote za Reli ya Usambara zilijengwa miaka 30 au zaidi baada ya hapo. Ili zilindwe na sheria hiyo, ni lazima Waziri mwenye dhamana azitangaze.

Maana yake ni kwamba jengo la stesheni ambalo halijatangazwa na halina kazi halina mtetezi. Paa likivuja, hakuna anayewajibika. Matofali yakichukuliwa, hakuna anayeuliza.

Sigi ilipona bila treni kurudi, kwa sababu ilipewa shughuli inayowahusu watu wa leo. Hakuna sababu ya stesheni ndogo kukosa shughuli ya namna hiyo: maktaba ya kata, ofisi ya ushirika, soko la viungo, au chumba cha historia ambamo wanafunzi wa Muheza watajifunza kwamba reli ya nchi yao ilianzia kwao. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa majengo haya msemo huo si wa mfano tu, nyufa zinahesabika.

Serikali za mitaa, Shirika la Reli na wizara yenye dhamana ya mambo ya kale wanaweza kuanza na hatua isiyo na gharama kubwa: kuyaorodhesha majengo ya njia hii, moja baada ya jingine, kutoka Tanga hadi Moshi, na kuamua lipi litafanya kazi gani. Uamuzi ukichelewa, mvua za masika zitaamua kwa niaba yao.

Kwa msomaji, hatua ni rahisi zaidi. Sigi inafikika kwa safari ya siku moja kutoka Tanga. Ada anayolipa mgeni langoni husaidia kulinda msitu, na ujira wa mwongozaji huingia kijijini. Maji atakayokunywa akirudi nyumbani Tanga jioni yatakuwa yamepita, siku chache kabla, mbele ya nyumba hiyo ya stesheni.